Mcheka Kilema: Mzaha na Maradhi ya Kudumu katika Historia ya Pemba

Mnamo mwaka 1986 ulianza kisiwani Pemba mpango wa kudhibiti kichocho kwa kuwapima wanafunzi wa skuli na kuwatibu kwa dawa ya prazikwanteli. Upimaji wenyewe ulikuwa wa gharama ndogo. Mtoto alitoa mkojo wake katika chombo, mkojo ukatazamwa rangi kwa macho, kisha kikachovywa ndani yake kijikaratasi chenye kubainisha damu isiyoonekana. Historia ya tiba imeuandika mpango huo kwa hesabu ya vidonge na asilimia za maambukizi. Jambo moja haikuliandika, nalo halihitaji hati ya kulithibitisha: darasa la watoto lililoambiwa lilete mikojo mezani kwa mwalimu haliwezi kukaa kimya. Kicheko kilikuwepo, na kilihusu maradhi ambayo yakiachwa miaka mingi huharibu kibofu na figo, na huweza kuishia katika saratani.

Swali la iwapo inajuzu kuyafanyia mzaha maradhi mazito ya kudumu huulizwa siku hizi kana kwamba limezaliwa jana. Kwa Pemba si jipya. Kisiwa hiki kimekaa na maradhi ya aina hiyo muda mrefu kiasi cha kuyatungia msamiati, kuyawekea methali na kuyatolea hukumu. Ukichunguzwa urithi huo, huonekana kwamba watu wa kale hawakushughulika sana na swali la kama kucheka kunafaa. Walichokipima ni nani anayecheka, na ana nini kwa yule anayechekwa. Kipimo hicho kilifanya kazi katika zama ambazo wagonjwa walikuwa wengi. Hivi leo kimefikwa na mtihani ambao hakikuandaliwa kuukabili.

Maradhi na majina yake

Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde. Maji ya mvua huteremka katika vijito na kutuama katika mabonde ya mpunga, na humo huishi konokono wa maji baridi wanaobeba vimelea vya kichocho. Udongo wenye kivuli na unyevu huhifadhi minyoo ya safura. Mbu wa kwenye mashimo ya choo na maji machafu hueneza vijidudu vya matende na mabusha. Kwa hiyo maradhi haya manne hayakuwa ajali iliyompata fulani na kumwacha fulani. Yalikuwa sehemu ya makazi, na mtu aliyekulia shamba aliyaona nyumbani kwao au kwa jirani.

Lugha imehifadhi athari za ujirani huo. Kidonda kisichopona huitwa donda ndugu. Mtu haumchagui ndugu wala humfukuzi: huja bila kualikwa, hula nawe, hulala nawe, na ukimkimbia hukufuata. Kukiita kidonda kinachonuka kwa jina la jamaa ni mzaha, tena mzaha mchungu, na huenda ulibuniwa na mtu aliyejua kuuguza. Hakuna aliyewahi kulishtakia neno hilo kwa utovu wa adabu. Limeingia katika kamusi na katika vyumba vya madaktari, nalo husemwa mbele ya mgonjwa mwenyewe.

Neno tende nalo ni tunda litokalo Arabuni, na pia ni uvimbe wa mguu, ambao aghalabu hutajwa kwa wingi, matende. Lugha yenye maneno mawili ya sura moja haiwezi kuwazuia watu wake kuyachezea, hasa mwezi wa Ramadhani ambapo tende ziko katika kila sinia. Mabusha yana hadhi nyingine kabisa. Mzungumzaji mstaarabu hulikwepa neno hilo na kusema kwamba bwana fulani ana mshipa, au huchukua lile la kiganga, ngirimaji. Tofauti hii ya kilugha ina uzito mkubwa katika mada hii. Palipo na tafsida nyingi pana aibu, na mzaha ufanywao mahali pa aibu haufanani na ule ufanywao mahali pa shida iliyo wazi.

Hata majina ya kicheko chenyewe hayalingani. Kiswahili kina utani, mzaha, masihara, kejeli, dhihaka na stihizai. Mzaha umetoka katika Kiarabu pamoja na uhalali wake, kwani mafakihi waliuruhusu maadamu hauna uongo wala maudhi. Stihizai imekuja na uharamu wake. La ajabu ni dhihaka. Katika Kiarabu mzizi wake una maana ya kucheka tu, bali ulipovuka bahari na kukaa uswahilini ukabeba maana ya kumcheka mtu kwa kumdharau. Wasemaji wa Kiswahili walikuwa tayari na kitenzi chao cha kucheka, kwa hiyo neno la kigeni wakalipa kazi ambayo waliona inahitaji neno la peke yake.

Mjadala wa ngeli ni mfano mwingine. Kipofu, kiziwi, kiwete na kilema ni nomino zenye kiambishi cha vitu, ijapokuwa upatanisho wake katika sentensi ni wa watu. Tangu harakati za haki za watu wenye ulemavu zilipopata nguvu, maandishi rasmi yamependelea kusema mtu mwenye ulemavu na mtu asiyeona. Hata hivyo Chama cha Viziwi Tanzania kimeendelea kujiita hivyo hivyo, CHAVITA, bila kuona haya kwa kiambishi. Wenye neno wamelishika. Mtu wa nje aliyekuwa akiwaonea huruma kwa ajili ya ngeli yao amebaki na huruma yake mkononi.

Hukumu ya darsani

Haiwezekani kuizungumzia Pemba na adabu ya kucheka bila kupita msikitini. Aya ya 11 ya Surat al-Hujurat huwakataza watu kuwadharau watu wengine ambao huenda wakawa bora kuliko wao, kisha ikakataza kuitana kwa majina mabaya. Tafsiri ya Sheikh Abdalla Saleh al-Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, iliifanya aya hiyo isomeke kwa Kiswahili hata na asiyejua Kiarabu, na makatazo yake hurudiwa katika hotuba na darsa mpaka leo. Kwa msomaji wa haraka shauri limekwisha hapo.

Lakini darsa haikuishia hapo. Katika mkusanyo wa Ibn Majah, mlango wa tiba, imo habari ya Suhaib aliyemkuta Mtume ana mkate na tende mbele yake, akakaribishwa, akaanza kula tende. Mtume akamuuliza vipi anakula tende naye ana jicho linalouma. Suhaib akajibu kwamba anatafunia upande wa pili. Mtume akatabasamu. Inafaa kuangalia namna kisa hiki kilivyojengwa. Aliyeutaja ugonjwa ni mwenyeji mwenye mapenzi naye, na swali lake ni la kumjali, bali aliyeligeuza kuwa kichekesho ni mgonjwa mwenyewe. Bila ya jibu la Suhaib pangekuwa na nasaha ya tiba tu.

Kisa cha pili kinagusa zaidi maradhi yasiyoondoka. Miongoni mwa wapokezi wakubwa wa Hadithi yumo Sulaiman bin Mihran wa Kufa, aliyefariki mwaka 148 Hijria sawa na 765, ambaye vitabu vyote humwita al-A‘mash, yaani mwenye macho dhaifu yatokayo machozi. Huyu alikuwa mcheshi mashuhuri. Husimuliwa kwamba alikuwa akienda njiani pamoja na Ibrahim an-Nakha‘i, aliyekuwa na jicho moja. Ibrahim akaomba watengane, kwa kuwa watu watasema tazameni chongo anakwenda na mwenye makengeza ya machozi. Al-A‘mash akasema hapana ubaya: wao watapata dhambi, nasi tutapata thawabu. Ibrahim akamjibu kwamba ni bora zaidi wao wasalimike nasi tusalimike. Wawili hao, wagonjwa wote, wameligawana swali zima la mhadhara huu katika maneno machache. Mmoja anaona kicheko cha watu ni faida kwa anayechekwa. Wa pili anamwonea imani hata anayecheka.

Ama kuhusu lakabu yenyewe, Imamu an-Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria sawa na 1277, katika Riyadh as-Salihin aliwahesabu al-A‘mash na al-A‘raj, yaani kiguru, kuwa mfano wa majina yanayoruhusiwa maadamu mtu anajulikana kwayo na msemaji hakusudii kumtweza. Kitabu hicho husomeshwa sana katika pwani ya Afrika Mashariki, na kanuni hiyo inaafikiana na desturi ya mitaani ya kumpa mtu jina la utani kwa mguu wake au jicho lake, jina ambalo baadaye hata wanawe hulitumia bila kinyongo. Udhaifu wa kanuni ni kwamba nia hukaa moyoni, ilhali kicheko husikika nje. Sheikh aliyekuwa msikitini hakuweza kujua vijana wa mtoni wamekusudia nini.

Methali mbili zisizopatana

Methali za Waswahili zinajulikana kwa kupingana, na katika jambo hili zimepingana kwa manufaa. Upande mmoja zipo zile za kuonya: hujafa hujaumbika, na mcheka kilema hafi bila kumfika. Hizi humtisha mwenye siha kwa hatima yake mwenyewe. Kuna na ile ya mzaha mzaha hutumbuka usaha, ambayo kwa kinaya imeazima picha yake kwenye jipu. Upande wa pili ipo mficha maradhi, kilio humfichua. Hii haisemi na wanaocheka. Inasema na mgonjwa, na inamlaumu.

Zikiwekwa pamoja, tatizo hudhihirika. Mgonjwa huficha kwa nini? Mara nyingi ni kwa sababu anachelea kuchekwa. Mabusha ndiyo ushahidi ulio wazi kuliko wote. Uvimbe huu hutibika kwa upasuaji usio mkubwa, lakini ili apasuliwe mtu lazima kwanza aseme, na kusema kwake ni kukiri jambo ambalo kijiji kizima kimelifanyia kichekesho tangu utotoni. Mwanamume huyo pengine alikuwa hodari wa kuwacheka wenye mshipa alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Analijua kila neno litakalosemwa nyuma yake. Ndipo anapovaa kikoi kipana na kanzu ndefu, akajitenga na kazi za kikoa, akangoja. Kwa wanawake wenye kichocho cha sehemu za siri hali huwa ngumu zaidi, maana dalili zake hudhaniwa kuwa ni za zinaa, na hapo kicheko hugeuka tuhuma.

Safura ina historia ya peke yake, na ya kusikitisha. Mgonjwa wa safura hupauka, huhema kwa kazi ndogo, huvimba uso na mara nyingine hutamani kula udongo. Kwa mtu asiyejua, huyo ni mvivu tu. Baada ya utumwa kuondolewa hadhi ya kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, maandishi ya maofisa wa Kiingereza yalijaa malalamiko kuhusu uvivu wa watu wa mashamba ya karafuu, mengine yakiandikwa kwa dhihaka ambayo mwandishi aliiona kuwa ni ucheshi. Karibu miaka mia baadaye, katika miaka ya 1990, uchunguzi wa wanafunzi zaidi ya 3,500 wa Pemba ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 60 walikuwa na upungufu wa damu, na minyoo ya safura ikawa miongoni mwa sababu zake kuu. Hilo peke yake linatosha kuyafanya malalamiko ya maofisa wale yasomwe upya. Mtu anaweza kumcheka mgonjwa bila ya yeyote kati yao kujua kuwa pana ugonjwa, na mzaha wa namna hiyo hauna kinga ya nia njema wala ya nia mbaya.

Haki ya mtani

Wataalamu wa jamii wameuchunguza utani wa Tanganyika tangu zamani. R. E. Moreau alichapisha makala juu yake mwaka 1944, na katika miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikusanya taarifa nyingi chini ya usimamizi wa Stephen Lucas. Mtani wa bara huweza kufika msibani na kuuiga mwendo wa marehemu, hata kikohozi chake, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Linalosahauliwa ni kwamba mtani huyohuyo ana wajibu wa kuchimba kaburi au kuosha maiti. Ruhusa yake ya kucheka imelipiwa kwa kazi.

Pemba haina utani wa makabila kwa sura hiyo, na misiba yake hufuata sharia. Hata hivyo kanuni ni ileile katika mizani ndogo. Babu na mjukuu, mtu na shemeji yake, mabinamu wa kuoana: hawa hutaniana, na ndio hao hao wanaouguzana. Mjukuu anayemwambia babu yake kwamba mguu wake umekula tende peke yake ndiye atakayeubandika maji ya moto jioni. Kisiwa hiki kina mapenzi makubwa ya maneno makali. Ndicho kisiwa cha kibati, ngoma ambamo majibizano hutolewa harakaharaka juu ya mdundo. Ndicho kisiwa cha Kamange na Sarahani, na W. H. Whiteley aliona kinastahili kitabu kizima juu ya lahaja na tungo zake, kilichotoka mwaka 1958. Mahali penye ulimi kama huo, mipaka ya nani amseme nani haikuwa jambo la hiari.

Mzaha usio na mpaka wa namna hiyo ulionekana ulipokuja Ukimwi. Wagonjwa wa mwanzo walitambuliwa Kagera mwaka 1983, na Zanzibar mwaka 1986. Muda si muda mitaa ya Tanzania ikawa na majina chungu nzima: Juliana, umeme, miwaya, ngoma. Kifupisho cha Kiingereza kikafumbuliwa upya kuwa Acha Iniue Dogodogo Siachi. Ubunifu wake wa kilugha haukanushiki. Lakini maneno hayo yalitungwa na watu waliojidhania kuwa wazima, juu ya watu ambao hawakuwa na nia ya kuwauguza. Donda ndugu limemfanya mgonjwa kuwa na jamaa asiyemtaka. Kukanyaga miwaya kumemfanya kuwa mpumbavu asiyetazama njia.

Kicheko kilichohamishwa

Wataalamu wa afya walipokuja na kampeni zao walikuta kicheko kimetangulia. Baadhi yao walijaribu kukihamisha badala ya kukinyamazisha. Mfano mzuri ni kijitabu cha hadithi ya picha kiitwacho Juma na Kichocho, kilichojaribiwa katika skuli za msingi za Unguja na tathmini yake ikachapishwa mwaka 2006. Jina peke yake linafundisha. Mgonjwa ana jina la mtoto yeyote, na yeye ndiye anayebeba hadithi. Msomaji anakwenda naye. Kuanzia mwaka 2011 ukaja mradi mkubwa wa kukomesha maambukizi ya kichocho Unguja na Pemba, ambao ulihusisha shehia 45 katika kila kisiwa. Dawa iligawiwa mara mbili kwa mwaka. Baadhi ya shehia ziliongezewa uangamizaji wa konokono, na nyingine zikapewa elimu kwa walimu waliofunzwa, michezo salama, siku maalumu za kichocho, vyoo vya kukojolea na sehemu za kufulia nguo nje ya mto.

Uadilifu unadai matokeo yasemwe yote. Kichocho kilipungua sana, ila taarifa iliyochapishwa mwaka 2019 haikuona tofauti ya wazi kati ya shehia zilizopata dawa tu na zile zilizoongezewa mambo mengine. Michezo na vicheko havikuthibitika kuwa tiba. Huenda hilo lisiwe kipimo cha haki, kwa kuwa mtoto aliyecheka pamoja na wenzake siku ya kichocho na kisha akaleta mkojo wake bila kuona haya hahesabiki katika jedwali. Hata hivyo wale wanaouhubiri ucheshi kama dawa hawana budi kulisoma jedwali hilo.

Kwa matende ugawaji wa dawa kwa wote ulianza Zanzibar mwaka 2001. Dawa hizo huua vijiminyoo vichanga vilivyomo katika damu na hivyo kumkinga mtoto wa jirani. Mguu uliokwisha kuvimba hauurudishi. Huo huhitaji kuoshwa, kukaushwa na kutunzwa kila siku kwa umri wote. Kwa hiyo mafanikio yameleta hali isiyokuwepo kabla. Ugonjwa unaondoka katika kisiwa lakini hauondoki katika mwili wa aliyeupata. Zamani baraza moja ingeweza kuwa na watu watatu wenye tende, na waliyoambiana yalikuwa yao. Kijana wa leo huenda akalijua neno kwa matusi ya uwanja wa mpira kabla hajamwona mtu mwenye ugonjwa huo. Akimwona, atakuwa ni mzee mmoja, amekaa mlangoni, mguu juu ya kigoda. Jina la utani alilopewa miaka hamsini iliyopita wanalijua wote, ila wale waliokuwa na haki ya kumwitia, kwa kuwa miguu yao ilikuwa kama wake, wamekwisha kuzikwa.